Heinrich Nordhoff: mtu aliyeacha sura ya Coccinelle na kubadilisha tumbo lake

Leo tunaleta habari za Mjerumani mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Gari iliyomfanya ajulikane dunia nzima hakuichora yeye. Kazi yake ilikuwa kuilinda isibadilishwe ovyo, na kwa miaka 20 aliirekebisha kidogo kidogo kutoka ndani.

Wazee wetu wanaikumbuka gari ile: mgongo wa duara kama wa kobe, moteri nyuma, fasi ya mizigo mbele, na mlio ambao uliusikia kutoka mbali ukajua ni nani anakuja. Kwa Kifaransa inaitwa Coccinelle, jina la mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Kampuni yake ni Volkswagen, maana yake gari ya watu. Wengi wanafikiri Coccinelle ya kwanza na ya mwisho ni kitu kimoja. Kumbe ukizifungua zote mbili, utakuta karibu kila piesi imebadilika. Mwenye kuchagua njia hiyo aliitwa Heinrich Nordhoff, mkubwa wa kiwanda tangu 1948 mpaka 1968.

Kwa nini maisha yake yanatuhusu sisi? Juu huku kwetu kila mtu anajua uchungu wa kununua chombo kizuri halafu kukosa piesi. Pia juu maisha haya yana upande wa giza, ule wa kazi ya lazima, ambao babu zetu waliujua vizuri.

Kutoka benki mpaka garaji

Nordhoff alizaliwa tarehe 6 Januari 1899 katika mji wa Hildesheim, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Benki ile ilianguka, na familia ikahamia Berlin kuanza upya. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, kijana akawa askari, na akarudi na majeraha ya magoti. Kiisha akasoma uhandisi wa mashine katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin.

Mwaka 1927 aliingia kampuni ya BMW, kwenye moteri za ndege. Lakini moyo wake ulikuwa Marekani, kwenye viwanda vikubwa vya magari. Akajipanga kusafiri. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka, na njia ya Marekani ikafungwa. Basi akapata kazi Opel, kampuni ya Kijerumani ambayo mwaka uleule ilinunuliwa na General Motors ya Marekani. Alishindwa kwenda Marekani, Marekani ikamfuata nyumbani.

Kazi yake ya kwanza pale haikuwa kubwa. Aliandika vitabu vya kufundisha mafundi wa garaji namna ya kutengeneza magari. Inasemekana hata siku za likizo aliingia kiwandani kushika funguo pamoja na wafanyakazi, apate kujua kazi kwa mikono yake. Kazi ile ilimfundisha kuangalia gari kwa jicho la fundi anayelala chini yake na grisi mikononi. Somo hilo hakulisahau, na tutaliona tena mbele.

Vita na kazi ya lazima

Mwaka 1942, katikati ya vita ya pili, Nordhoff alipewa kuongoza kiwanda cha Opel kule Brandenburg. Kilitengeneza malori ya jeshi la Hitler, yale yaliyoitwa Opel Blitz, na kilikuwa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya malori Ulaya. Nordhoff hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Hata hivyo malori yake yalibeba vita ile, na kati ya wafanyakazi wa kiwanda walikuwepo watu wengi walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa. Ukweli huu haufai kufichwa mtu anaposimulia maisha yake.

Wakati huohuo, kiwanda kingine kilikuwa na historia mbaya zaidi. Hitler alikuwa ameahidi Wajerumani gari ya bei ndogo, mark 990. Mchoraji alikuwa Ferdinand Porsche, mhandisi mwenye jina kubwa. Mwaka 1938 jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa katika mashamba ya karibu na Fallersleben. Wananchi waliambiwa walipe mark 5 kila juma, wabandike stempu kwenye kitabu, na kitabu kikijaa gari itakuja. Watu karibu 336,000 waliingia mpango ule. Hakuna hata mmoja aliyepata gari. Vita ilianza mwaka 1939, kiwanda kikageuzwa kutengeneza vyombo vya jeshi, na watu karibu 20,000 walifanyishwa kazi mle ndani kwa lazima: wafungwa wa vita, wafungwa wa kambi, wanaume na wanawake waliochukuliwa makwao.

Msomaji wa Maniema hahitaji kufafanuliwa sana neno kazi ya lazima. Mwaka uleule wa 1942, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji wa Kongo kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, ili mpira, mafuta ya mawese na madini vipatikane kwa ajili ya vita dhidi ya Ujerumani. Pande mbili za vita zilipigana, na pande zote mbili kulikuwa na watu waliotoa jasho bila kuulizwa.

Kiwanda bila mwenyewe

Vita iliisha mwaka 1945. Kiwanda cha Brandenburg kilikuwa kimepigwa mabomu, na fasi ile ikaangukia mikononi mwa Warusi. Wamarekani, juu ya cheo chake cha wakati wa vita, walimkatalia Nordhoff kazi yoyote ya uongozi katika sehemu yao. Mtu aliyekuwa akiongoza maelfu akajikuta Hamburg, upande wa Waingereza, akisimamia matengenezo katika garaji ya muuzaji wa magari ya Opel.

Kule kiwanda cha Volkswagen, Waingereza walikuta majengo yaliyobomolewa na mabomu na mji mdogo wenye njaa. Mji ule ukapewa jina jipya, Wolfsburg. Ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Ivan Hirst, ndiye aliyeona kwamba mashine nyingi bado ni nzima. Jeshi lilihitaji magari, likaagiza 20,000. Hivyo Coccinelle zikaanza kutoka kwa mamia. Waingereza wengine wenye viwanda vya magari walikuja kuangalia, wakaona gari ile mbaya, yenye kelele, haitamfaa mtu, wakaondoka. Hata kampuni ya Ford ya Marekani ilizungumziwa habari yake mwaka 1948, nayo haikuichukua.

Hirst alitafuta Mjerumani mwenye ujuzi wa kuongoza. Akaambiwa habari za Nordhoff. Tarehe 1 Januari 1948 Nordhoff akaanza kazi. Mji haukuwa na nyumba za kutosha, basi kwa miezi ya kwanza alilala palepale kiwandani kwenye kitanda cha kukunja. Paa zilivuja, wafanyakazi walikuja na njaa, na wengi walibaki siku chache tu wakaenda zao kutafuta chakula.

Nordhoff aliwakusanya wafanyakazi na kuwaeleza hali ilivyo, bila kuficha: magari yanayotoka ni machache, yanachukua saa nyingi mno kutengenezwa, na kasoro ni nyingi. Mwaka 1947 kiwanda kilitoa magari 8,987. Mwezi wa sita 1948 Ujerumani Magharibi ilipata pesa mpya, na watu wakaanza kununua. Mwaka ule yakatoka 19,244. Mwaka 1949 yakafika 46,154. Tarehe 5 Agosti 1955 gari ya milioni moja ilitoka, imepakwa rangi ya dhahabu.

Moteri inayopozwa na upepo

Kabla ya kuendelea, tuelewe kwanza gari yenyewe. Angalia pikipiki zinazobeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Nyingi hazina radiatere wala maji. Silinda ina vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama mapezi ya samaki, na upepo ukipita katikati yake unabeba joto. Coccinelle ilifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Moteri yake ilikuwa na silinda 4 zilizolala, 2 kushoto na 2 kuume. Kwa vile ilikaa nyuma ambako upepo wa safari hauifikii vizuri, Porsche aliiwekea feni inayozungushwa na mkanda, ikisukuma hewa juu ya mapezi yale.

Faida yake inaonekana haraka. Hakuna maji ya kuchemka kwenye mlima, hakuna maji ya kuganda kwenye baridi, hakuna mpira wa radiatere wa kupasuka. Uzito wa moteri ulikaa juu ya magurudumu ya nyuma, yale yanayosukuma, ndiyo maana gari ilishika vizuri kwenye matope. Chini ilikuwa laini kama ubao, ikiteleza juu ya udongo bila kunasa kirahisi.

Hasara zilikuwepo pia. Ilipiga kelele, ilikunywa esanse nyingi kwa nguvu ndogo iliyotoa, joto la ndani ya gari lilikuwa la shida, na upepo mkali wa pembeni uliisukuma. Nordhoff alizijua hasara hizi zote. Wakati wa Opel aliiangalia Coccinelle kama gari ya mpinzani. Alipopewa kuiongoza alikuwa na njia mbili: kuitupa na kuchora nyingine, ao kuiacha na kuitengeneza. Akachagua ya pili.

Sura ileile, mwili mpya

Hivi ndivyo gari ilivyobadilika mwaka kwa mwaka. Zile za mfano za 1938 zilikuwa na moteri ya cc 985. Baada ya vita ikawa cc 1131, nguvu za farasi 25. Freni zilivutwa kwa kamba za chuma kama za baiskeli, na kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili vidogo.

Mwaka 1949 Nordhoff alitoa toleo la kuuza nje, lenye rangi za kupendeza na viti bora. Mwaka uliofuata toleo lile likapata freni za mafuta. Lile la bei ya chini liliendelea na kamba kwa miaka mingi. Mwisho wa 1952 vitesi ya pili, ya tatu na ya nne zikaanza kuingia bila kugongana. Mwezi wa tatu 1953 vile vioo viwili vya nyuma vikawa kimoja chenye umbo la yai. Mwanzoni mwa 1954 moteri ikafika cc 1192 na nguvu 30. Mwaka 1957 kioo cha nyuma kikapanuliwa karibu mara mbili, shofere akaanza kuona kweli nani yuko nyuma yake.

Mwaka 1960 nguvu zikawa 34, na vitesi zote 4 zikawa laini. Ule mkono mdogo uliochomoka pembeni kuonyesha gari inageuka upande gani ukabadilishwa na taa za kuwaka na kuzima. Mwaka 1961 ikawekwa saa ya esanse. Mbele ya hapo shofere hakuwa na saa ile kabisa. Moteri ikianza kukatika, alisukuma kishikio kidogo kwa mguu kufungua akiba, sawa na mwendesha pikipiki anavyogeuza robine ya rezeve mpaka leo.

Mwaka 1965 ilikuja moteri ya 1300, nguvu 40. Mwaka 1966 ikaja ya 1500, nguvu 44, pamoja na freni za sahani kwenye magurudumu ya mbele. Mwaka 1967 umeme ukatoka volti 6 kwenda volti 12, na taa za mbele zikasimama wima. Mtu aliyesimama kando ya barabara bado aliona kobe yuleyule. Fundi aliyeifungua aliona gari nyingine.

Piesi kwanza, gari baadaye

Hapa ndipo kazi yake ya zamani, ile ya kuandikia mafundi vitabu, ilipomfaa. Katika masoko mapya Nordhoff alisisitiza kitu kimoja: muuzaji asipokabidhiwa magari mpaka awe na garaji, mafundi waliofundishwa na akiba ya piesi. Kampuni nyingine za Ulaya zilipeleka magari mengi Marekani miaka ile ya 1950, zikauza haraka, na magari yalipoharibika hakukuwa na wa kuyatengeneza. Wateja wakayakimbia. Coccinelle ikabaki.

Gari yenyewe pia ilimsaidia fundi. Moteri ilishikwa na bulo 4 tu. Fundi mzoefu aliishusha, akaiweka chini, akaitengeneza na kuirudisha siku ileile. Mabawa ya magurudumu yalifungwa kwa bulo, yakigongwa yanafunguliwa na mengine yanafungwa. Na kwa vile umbo halikubadilika, piesi nyingi za mwaka mmoja zilikubali kwenye gari ya mwaka mwingine, ingawa ilibidi fundi ajue miaka yake: taa ya volti 6 ukiiwekea volti 12, inaungua palepale.

Siyo Coccinelle peke yake. Mwaka 1950 Nordhoff alianza kutengeneza gari ya mizigo na watu kwa kutumia moteri ileile, kutokana na wazo la muuzaji mmoja wa Uholanzi aliyeitwa Ben Pon. Ndiyo Kombi, iliyobeba kilo 750. Baadaye ikawa gari ya wamisionari, ya hospitali, ya shule, ya abiria, katika Afrika yote.

Matope ya Afrika Mashariki

Mtihani mkubwa wa gari hii haukufanyika Ujerumani. Ulifanyika karibu na sisi. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia Elizabeth, Waingereza wa Kenya walianzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Njia zilikuwa za udongo, mito, mawe, vumbi na mvua, barabara ambazo mtu wa Kasongo angezitambua bila kuonyeshwa.

Mwaka ule wa kwanza magari yaligawanywa kwa bei, na Alan Dix akiendesha Volkswagen ndiye aliyepoteza pointi chache kuliko wote. Mwaka 1954 Vic Preston na mwenzake D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Mwaka 1957 akashinda Gus Hofmann, na mwaka 1962 Tommy Fjastad, wote kwa gari hiyohiyo. Magari makubwa yenye nguvu mara mbili ao tatu yalibaki kwenye matope, kobe akapita. Kwa wauzaji wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ushindi ule ulikuwa tangazo kubwa kuliko lolote la gazeti.

Deni la wenye vitabu vya stempu

Ushindi na faida havikufuta madeni ya zamani. Wale waliolipa mark 5 kila juma wakati wa Hitler walikuja kudai gari zao. Kampuni ilijibu kwamba pesa zile hazikulipwa kwake, zilichukuliwa na shirika la serikali ya Hitler na zikapotea na vita. Kesi iliendelea miaka na miaka kortini. Mwisho ilikuwa mwaka 1961, kwa mapatano: aliyemaliza kulipa kitabu chake akapunguziwa mpaka mark 600 kwenye bei ya gari mpya, ao akapewa mark 100 mkononi. Kwa wazee waliosubiri zaidi ya miaka 20, ilikuwa kidogo, lakini kitu kilipatikana.

Wale waliofanyishwa kazi kwa lazima walisubiri zaidi. Wakati wa Nordhoff habari yao haikuzungumzwa wazi, na hawakulipwa. Kampuni ilikuja kufungua mfuko wa kuwasaidia mwaka 1998 tu, wakati wengi wao walikuwa wameshakufa. Wafanyakazi wa miaka ya 1950 waliongezewa mishahara, wakajengewa nyumba, wakagawiwa sehemu ya faida. Wale wa mbele yao walisahauliwa. Mtu anaweza kuwa mkubwa mwema kwa waliopo na bado akanyamaza juu ya waliotangulia.

Pale msimamo ulipogeuka kuwa kizuizi

Kufika katikati ya miaka ya 1960, Ulaya ilikuwa imebadilika. Watu walikuwa na pesa, barabara za lami zilikuwa nyingi, na wapinzani walileta magari mapya. Opel, kampuni yake ya zamani, ilitoa Kadett mwaka 1962, yenye fasi kubwa ya mizigo, vioo vikubwa na moteri ya maji. Nordhoff alitoa gari nyingine mwaka 1961, Volkswagen 1500, lakini nayo moteri ilikaa nyuma na ilipozwa na upepo. Mafundi wake walichora mifano mingi ya magari mapya. Mmoja baada ya mwingine aliikataa, ikabaki ghalani.

Mwaka 1967 uchumi wa Ujerumani ulishuka. Wafanyakazi wa Wolfsburg walipunguziwa siku za kazi. Franz Josef Strauss, waziri wa fedha, akailaumu kampuni hadharani kwamba inaendelea kuuza gari ya zamani. Nordhoff, mzee wa miaka 68 sasa, alijibu kwa kuonyesha ile mifano yote iliyokuwa imefichwa. Lakini kuonyesha siyo kutengeneza. Mwaka uleule moyo wake ukaanza kushindwa. Mrithi alikuwa amekwisha kuchaguliwa, Kurt Lotz, lakini mzee hakuachia kazi.

Alikufa Wolfsburg tarehe 12 Aprili 1968, siku ya Ijumaa Kuu. Jeneza lake liliwekwa ndani ya kiwanda, na wafanyakazi wakapita kwa maelfu kumuaga. Mmoja wa binti zake alikuwa ameolewa na mjukuu wa Ferdinand Porsche, hivi kwamba damu ya mchoraji na damu ya mtengenezaji zilikuwa zimeungana katika familia moja.

Baada yake

Waliomfuata walijaribu kuifanya Coccinelle iwe ya kisasa zaidi. Mwaka 1970 ilipata nguvu 50 na miguu mipya ya mbele, mwaka 1972 kioo cha mbele kilichopinda. Tarehe 17 Februari 1972 ilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kufika magari 15,007,034. Lakini sifa hazilipi mishahara. Mwaka 1974 kampuni ilipata hasara ya mark zaidi ya milioni 800, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Iliyookoa nyumba ilikuwa Golf, iliyotoka mwaka huohuo: moteri mbele, inapozwa na maji, kila kitu ambacho mzee alikuwa amekikwepa.

Lakini sikilizeni hili. Coccinelle yenye miguu mipya na kioo kilichopinda, ile ya gharama, iliachwa mapema. Ile ya kawaida, rahisi, ndiyo iliyoendelea. Ujerumani ilikoma kuitengeneza mwaka 1978, lakini Brazil, Nigeria na Mexico ziliendelea. Ya mwisho kabisa, namba 21,529,464, ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Ilikuwa na moteri ya cc 1600 inayolishwa esanse kwa umeme, bila karbiratere. Bado ilipozwa na upepo, bado ilikuwa na mgongo wa kobe.

Jirani zetu wa Rwanda wana kiwanda cha kuunganisha magari ya Volkswagen mjini Kigali tangu 2018. Magari yale yanapozwa na maji. Njia ya Nordhoff imefungwa upande wa gari. Upande wa pikipiki bado iko wazi, na Kasongo tunaiona kila siku.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya pesa ununue pikipiki ya kazi, ao shirika linalotaka kuleta gari katika mji wetu, chukueni kitu kimoja kutoka kwa mzee huyu. Kabla ya kuuliza rangi na mwendo, ulizeni nani Kasongo anaijua moteri hii, piesi zake zinauzwa wapi, na mwaka kesho zitakuwa bado zinapatikana? Na wewe muuzaji unayeleta aina mpya kila msimu, fikiria mteja wako atakayekwama kwenye matope katikati ya njia ya Kabambare, akitafuta piesi ambayo hukuileta.